Mke Aliyetoka Mbali Naye Ana Watu

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa Pap Onditi, Nyakach, mbele ya wanachama na wake zao, na mama mmoja mtumishi wa ustawi wa jamii. Tumeyapiga chapa kama alivyoyasema, ili wanachama ambao hawakuwapo wayasome na kuwasomea wengine.)



Katibu aliniomba niseme habari za wanawake walioolewa huku kwetu kutoka nchi nyingine, ambao hupigwa au huteswa na waume zao, na msaada wanaoweza kuupata kwa watu wa kazi yangu. Nilipokuwa nikiingia nimesikia mtu mmoja akiuliza, "Chama ni cha mishahara; mambo ya chumbani yanaingiaje humu?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla sijaketi. Lakini kwanza yatupasa tuelewane juu ya mtu tunayemsema.

Hapa kwetu mke haitwi kwa jina lake tu. Huitwa kwa kwao: nyar Seme, nyar Kano, nyar Alego, yaani binti wa Seme, binti wa Kano, binti wa Alego. Jina hilo lina kazi. Humkumbusha mume kila siku kwamba mwanamke huyu ana baba, ana kaka, ana wajomba, na watu hao wanakaa mahali panapojulikana. Akiteswa, mwanamke hufunga mtoto mgongoni akarudi kwao. Mume akimtaka, sharti afuate na wazee, aketi mbele ya wakwe zake, aulizwe maswali na kuonywa mbele ya watu. Sisemi kwamba desturi hiyo ilimlinda kila mwanamke. Wengi walirudishwa kwenye mateso yale yale, kwa sababu ng'ombe walikwisha pokelewa. Lakini angalau palikuwa na mlango wa kutokea.

Sasa, yuko mwingine tunamwita nyar Uganda. Jina limetengenezwa kwa namna ile ile, lakini mlango hauko. Baba yake yuko ng'ambo ya mpaka. Kaka yake hajui Nyakach iko upande gani. Nauli ya kwenda kwao ni fedha asiyokuwa nayo. Huyu ndiye mwanamke ninayemsema leo, pamoja na wenzake waliotoka Tanzania, Kongo, Burundi na kwingineko.

Tuchukue mfano. Simsemi mtu yeyote mnayemjua. Nakusanya pamoja mambo tunayokutana nayo katika kazi. Kijana wa huku alikwenda Jinja kutafuta kazi. Huko akampata msichana wa Busoga, wakakaa pamoja, wakazaa watoto wawili. Kazi ilipokwisha akarudi naye nyumbani. Mahari haikupelekwa, na ndoa haikuandikwa mahali popote. Msichana anajua Kisoga, na Kiswahili kidogo cha sokoni. Watu wote wa mji ule wanasema Kijaluo. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Mwaka wa pili mume akaanza kumpiga. Kisha akamnyang'anya kitambulisho chake cha Uganda akakificha. Kisha akamnyang'anya simu. Na mwisho akamwambia maneno haya: "Wewe ni mgeni. Ukienda polisi watakufunga wewe kwa kukosa karatasi. Na watoto ni Wakenya, utawaacha hapa."

Ndugu zangu, angalieni jambo hilo vizuri. Ngumi ni silaha moja. Karatasi ni silaha ya pili, na mara nyingi ndiyo inayomfunga mwanamke zaidi. Jeraha la ngumi jirani ataliona asubuhi. Kitambulisho kilichofichwa hakuna anayekiona.

Mateso ya nyumbani hayako kwa wageni peke yao. Katika hesabu ya Serikali iliyofanywa Kenya nzima mwaka 2022, wanawake 34 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walisema wamewahi kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Hao ni theluthi moja ya dada zetu. Lakini nyar Kano akipigwa ana njia mbili au tatu. Mgeni ana njia moja tu: apate mtu wa hapa atakayesimama badala ya ndugu zake. Mtu huyo ndiye mtumishi wa ustawi wa jamii, na nyuma yake jirani, na nyuma ya jirani, mimi nasema, Chama.

Na sisi watu wa ziwa si haki tumwite mtu wa ng'ambo mgeni kwa dharau. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji huo ulihesabiwa kuwa katika nchi ya Uganda. Upande huu wote uliingizwa katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1902. Mpaka ulichorwa juu ya watu waliokuwa wakioana tangu zamani. Baba zetu na babu zetu walifanya kazi Kampala, Jinja na Tororo, na mwaka 1970 Serikali ya Uganda ilipowaondoa kazini maelfu ya wafanya kazi wa Kenya, wengi wao walikuwa watu wa pande hizi. Walirudi na mabunda yao kichwani. Wazee wenu wanajua maana ya kuambiwa, "Wewe si wa hapa."

Sasa nataka tuyatazame yale maneno ya mume mmoja mmoja, tuone sheria inasema nini.

Alisema, "Wewe ni mgeni, huna haki." Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kutotendewa jeuri, iwe ni jeuri ya watu wa Serikali au ya watu binafsi. Neno lililotumika ni kila mtu. Halikusema kila Mkenya. Kifungu cha 45 kinasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakati wa ndoa na wakati wa kuachana. Tena iko Sheria ya Kinga dhidi ya Jeuri ya Nyumbani ya mwaka 2015. Sheria hiyo haikuhesabu kipigo peke yake. Imetaja pia kumnyima mtu mahitaji na fedha, kumtisha, kumfuatafuata, kumtukana, kumfungia nje ya nyumba wanayokaa, kumlazimisha katika mambo ya kitanda hata kama ni mke, kumrithisha mjane kwa nguvu, na wakwe kuingilia nyumba ya watu.

Alisema, "Polisi watakufunga wewe." Kama muda wa karatasi zake umepita, hilo ni jambo la ofisi ya Uhamiaji, na lina namna yake ya kutengenezwa; ni afadhali aende huko pamoja na mtumishi wa ustawi au wakili. Lakini kupita kwa muda wa karatasi hakumpi mtu ruhusa ya kumvunja mkono. Kosa la mume linabaki kosa. Na kitambulisho kikipotea au kikifichwa, Uganda ina Ubalozi wake Nairobi, na Tanzania vivyo hivyo. Raia hawezi kupoteza nchi yake kwa sababu mume ameficha kadi chini ya godoro.

Alisema, "Watoto watabaki." Ni kweli kwamba mtoto ambaye baba yake au mama yake ni Mkenya, huyo ni Mkenya kwa kuzaliwa. Lakini uraia wa mtoto haumwondolei mama umama wake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inawapa baba na mama wajibu sawa, na penye ugomvi, mahakama hutazama faida ya mtoto kabla ya jambo lingine lolote. Mume si mahakama. Hana mamlaka ya kutoa hukumu hiyo jikoni.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Katiba, kifungu cha 15, inasema mtu aliyekaa katika ndoa na raia wa Kenya kwa miaka isiyopungua 7 anaweza kuomba kuandikwa raia. Miaka 7 ni mingi kwa mtu anayepigwa. Na kama ndoa haikuandikwa, atazihesabuje siku zake? Tangu Agosti mwaka 2017 ndoa za kimila nazo zinaandikwa kwa Serikali, kama zile za kanisani na za msikitini. Kwa hiyo nawaambia wanaume wema walio hapa: ukimleta mke kutoka mbali, andikisha ndoa. Cheti hicho ni ngao yake siku ambayo wewe hupo. Ukifa, cheti ndicho atakachokishika mkononi ndugu zako watakapokuja kupima shamba.

Haya, mwanamke amepigwa usiku huu. Afanye nini? Nitasema polepole ili mwenye kalamu aandike.

Kwanza, atoke aende mahali palipo na watu. Kama anaweza, achukue watoto, kitambulisho, kadi za kliniki za watoto, na dawa zake. Kama hawezi, aache vitu. Vitu vinarudi, uhai haurudi. Iko simu ya bure, namba 1195, ya habari za jeuri ya nyumbani, na namba 116 kwa ajili ya watoto. Aliyenyang'anywa simu, jirani ampigie.

Pili, aende hospitali, hata kama jeraha ni dogo. Hospitali iko hapa hapa Pap Onditi, na kwa mambo makubwa iko ile ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ambayo wazee bado wanaiita Russia. Daktari akitibu huandika, na maandishi yake ndiyo yatakayosema mahakamani wakati kovu limekwisha pona. Kama alilazimishwa katika mambo ya kitanda, asioge wala kufua nguo zile kabla ya kuonekana na daktari. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI sharti ianze kabla ya saa 72 kupita, na dawa ya kuzuia mimba kabla ya saa 120. Baada ya hapo dawa hizo hazifai kitu. Kwa hiyo mzee anayesema, "Tungoje kikao cha Jumapili," hajui anachomnyima mwanamke huyo.

Tatu, aende kituo cha polisi, neno lake liandikwe katika kitabu cha matukio, apewe namba. Namba hiyo aishike kama anavyoshika fedha. Aombe fomu ya P3. Fomu hiyo haiuzwi. Sheria ya mwaka 2015 inampa haki ya kuomba maneno yake yaandikwe na askari mwanamke, na inampasa askari kumweleza msaada wote uliopo, pamoja na mahali pa kulala na matibabu.

Nne, yuko hakimu. Mahakama inaweza kutoa amri ya kinga, yaani amri ya kumkataza mume asimguse, asimtishe, asimkaribie, na hata kumwamuru atoke yeye katika nyumba, mke na watoto wabaki. Akivunja amri hiyo ametenda kosa la kumtoza faini au kumtia gerezani. Ikiwa mwanamke mwenyewe hawezi kwenda kuomba amri hiyo, kwa hofu au kwa ugonjwa, sheria inaruhusu mtu mwingine aombe kwa niaba yake. Kisumu wako mawakili wa FIDA, chama cha wanasheria wanawake kilichoanza mwaka 1985, ambao huwasaidia wanawake wasio na fedha ya wakili.

Mtauliza, "Ikiwa mambo yote haya yako, mtumishi wa ustawi anafanya kazi gani?" Kazi yake ni kumshika mwanamke mkono kutoka ofisi moja mpaka nyingine, kwa maana ofisi nne katika lugha ya ugeni ni kama mito minne isiyo na daraja. Nitaitaja kazi hiyo kwa sehemu.

Sehemu ya kwanza ni kusikiliza. Kwa mgeni, kusikiliza kunataka mkalimani, na mkalimani asiwe dada ya mume wala mama mkwe. Twatafuta mtu wa lugha yake asiye wa mji ule, pengine mama mchuuzi sokoni, pengine muuguzi. Yale anayoyasema hayatoki nje bila ruhusa yake.

Sehemu ya pili ni kupima hatari. Twauliza: Je, amewahi kukukaba koo? Ana panga au silaha nyingine karibu? Ametishia kuua watoto? Kipigo kinazidi au kinapungua? Wanaume wengi hawajui, lakini wakati wa hatari kubwa kabisa ni ule mwanamke anapoondoka, au mume anapojua kwamba anataka kuondoka. Kwa sababu hiyo hatumwambii mwanamke, "Ondoka leo," kisha tukaenda zetu. Twapanga naye: saa ngapi, kwa njia gani, analala wapi, nani anajua.

Sehemu ya tatu ni kumwachia yeye shauri. Mwingine anataka kurudi kwao Busoga. Mwingine anataka kubaki, kwa sababu watoto wanasoma hapa. Mwingine hataki mume afungwe. Anataka aache kupiga tu. Hatumwamuru aondoke, wala hatumwamuru avumilie. Twamwonyesha njia zote na mwisho wa kila njia, kisha twamfuata ile aliyoichagua.

Katika habari hii historia yetu ina somo. Zamani Luo Union, uliokuwa ukijulikana katika miji yote ya Afrika Mashariki, ulifanya kazi kubwa ya ustawi kwa watu waliokuwa mbali na kwao. Ulisaidia mazishi, ulisaidia wagonjwa na waliokwama. Lakini kwa wanawake ulikuwa na mkono mwingine. Mwanamke aliyeonekana mjini bila mume aliweza kushikwa na kurudishwa kijijini bila kuulizwa alikimbia nini. Msaada wa namna hiyo ni wa kulinda jina la kabila. Msaada tunaoutaka sasa ni wa kumlinda mtu.

Sehemu ya nne ni riziki. Mwanamke asiye na senti atarudi kwa yule anayempiga, kwa sababu huko ndiko uliko unga. Hapa Nyakach, katika pwani ya Nduru, mwaka 2011 wanawake wachuuzi walianza kupata mashua zao wenyewe, ili wasilazimike kutoa miili yao kwa wavuvi wapate samaki, ile desturi mnayoijua kwa jina la jaboya. Mwaka 2020 ziwa lilijaa likafunika kijiji chao, na kazi ile ikarudi nyuma sana. Lakini jambo walilolionyesha halikuzama na maji. Mwanamke mwenye chombo chake husema "hapana," na "hapana" yake husikiwa.

Sasa nalijibu swali la mlangoni. Mambo haya yanaingiaje katika Chama?

Yanaingia kwa mlango wa kwanza, yaani kazi. Mama aliyepigwa usiku huja kazini akiwa amechelewa, au haji kabisa, na msimamizi humwandikia barua ya onyo. Akifukuzwa, amepoteza kitu cha mwisho alichokuwa akikitegemea. Mwaka 2019 Shirika la Kazi la Ulimwengu lilipitisha huko Geneva Mkataba wa 190 juu ya jeuri na usumbufu katika kazi. Mkataba huo unasema wazi kwamba jeuri ya nyumbani hufika mpaka kazini, na kwamba yafaa madhara yake yapunguzwe huko. Mapendekezo yaliyokwenda pamoja nao, namba 206, yanataja mambo ambayo Chama chochote kinaweza kuyadai mezani: likizo kwa mtu aliyetendewa jeuri, kubadilishiwa saa au mahali pa kazi, na kutofukuzwa kwa sababu ya jeuri aliyotendewa. Bwana Katibu, mnapokwenda kuandika mapatano mapya na waajiri, mambo hayo matatu yaandikwe pamoja na nyongeza ya mshahara.

Yanaingia kwa mlango wa pili, yaani binti zetu. Wasichana wengi wa upande huu wamekwenda Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Huko, kwa desturi iitwayo kafala, ruhusa ya msichana ya kukaa nchini imefungwa kwa tajiri wake. Tajiri akimpiga na akaficha pasi yake ya kusafiria, msichana hana pa kwenda. Habari hizo zikifika hapa twalia na kuilaumu Serikali. Lakini tazameni: kamba aliyofungwa nayo binti yetu kule, na kamba aliyofungwa nayo binti wa Busoga hapa, ni kamba moja. Kule inashikwa na tajiri, hapa inashikwa na mume. Nchi nyingine zimejaribu kuikata. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, mke anayeteswa na mume raia anaweza kujiombea ruhusa ya kukaa nchini mwenyewe, bila mume kujua. Uingereza nayo, tangu mwaka 2012, imekuwa ikimpa mke wa namna hiyo ruhusa ya muda, apate msaada wa umma huku akiomba haki yake ya kukaa. Mkidai binti yenu atendewe hivyo ugenini, sharti muwe tayari kumtendea hivyo binti wa mwenzenu.

Mlango wa tatu ni mgumu, nao ndio ulionileta hapa. Mwanachama akishikwa na polisi, desturi ya wenzake ni kukusanyana na kwenda kumtoa. Akishikwa kwa ajili ya mgomo, hilo ni jambo la haki, na umoja ni nguvu. Lakini akishikwa kwa kumpiga mke, mara nyingi watu wale wale huenda, na wakimaliza kituoni huenda kwa yule mwanamke, wanaume wanane au kumi, wakamzunguka na kumwambia, "Shemeji, toa kesi hii. Mume wako atapoteza kazi, watoto watakula nini?" Nyar Kano atawajibu wanaume hao, kwa sababu kaka zake wako karibu. Nyar Uganda ataitoa kesi. Na wakati mwingine akirudi hospitali haendi kwa miguu yake.

Ndugu zangu, umoja wa wafanya kazi uliundwa ili mnyonge asimame na wanyonge wenzake mbele ya mwenye nguvu. Katika nyumba ile, mwenye nguvu ni nani? Mkienda kumzunguka mwanamke yule mnakuwa upande wa tajiri.

Natoa ombi langu kwa tawi hili, nalo lina mambo manne tu. Moja, pasiwe na ujumbe wa Chama utakaokwenda kumwomba mwanamke atoe kesi. Mwanachama aliyeshitakiwa ana haki ya wakili na ya kusikilizwa. Hana haki ya kutishiwa watu kwa jina la Chama. Mbili, wachaguliwe wanawake wawili wanaoaminiwa, na mmoja awe anajua lugha za ng'ambo, ili mwanamke yeyote, awe mwanachama au mke wa mwanachama, ajue pa kugonga. Tatu, katika mfuko wa Chama itengwe nauli ya kumfikisha mtu hospitali au Kisumu usiku, pamoja na chakula cha siku chache, kwa sababu nyumba za kujificha ni chache na njia ni ndefu. Nne, kila mwanachama aliyeoa kutoka nje aandikishe ndoa yake, na kitambulisho cha mke kikae mkononi mwa mke.

Najua hofu iliyo ndani ya wengine: kwamba tukiwafunza wanawake hawa sheria, watachukua mashamba yetu. Nawajibu kwa Katiba hiyo hiyo. Kifungu cha 65 kinasema mtu asiye raia hawezi kushika ardhi ya Kenya ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Shamba la babu yako halitavuka mpaka kwenda Busoga. Anachotaka mwanamke huyu ni kulala usiku bila kusikiliza mlango.

Na kwenu akina mama wa hapa, nina neno moja. Ninyi ndio mnaoishi ua kwa ua na mgeni huyo. Mfundisheni Kijaluo. Mwiteni mnapokwenda kisimani na kwenye chama chenu cha kuweka akiba. Mkisikia kelele usiku, msiseme, "Ni mambo ya watu wa Uganda." Pigeni kelele nanyi, mwite jirani, mgonge mlango na kuomba chumvi ikiwa mnaogopa kusema lingine. Mume anayejua kwamba watu wanasikia hupunguza mkono.

Jina nyar Uganda tumempa sisi wenyewe. Kwa desturi yetu, jina hilo lasema mwanamke huyu ana watu. Watu wake wako mbali, hawawezi kusikia kilio chake. Basi na tuwe ndio watu hao, ili jina tulilompa lisiwe uongo.

Nitabaki hapa mpaka jioni. Mwenye swali la mbele ya watu aulize sasa, na mwenye swali la faragha atanikuta nyuma, chini ya mti.